Jogoo Asiyewika: Nakshi ya Bilibin Chini ya Kipanya

Kipo kijamvi cha kipanya, cha aina ile itandikwayo kando ya kompyuta ili mkono uteleze bila kukwaruza meza. Juu ni kitambaa laini, chini ni mpira mweusi ushikao meza. Ukubwa wake haufiki nusu ya ukurasa wa gazeti. Juu ya kitambaa hicho umepigwa chapa mchoro wa mji wa kale wa Kirusi: kuta nene, minara yenye vilele vya mfano wa kitunguu, nakshi juu ya nakshi, na rangi zilizotulia kila moja ndani ya mstari wake. Mchoro huo ni wa Ivan Bilibin, nao ulitengenezwa kuwa mandhari ya jukwaani ya Jogoo wa Dhahabu, opera ya mwisho ya Nikolai Rimsky-Korsakov, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow mwaka 1909. Kijamvi chenyewe hakisemi lolote kati ya hayo. Hakina jina la mchoraji, hakina jina la mtunzi, wala hakina neno hata moja la ngano ambayo mji ule ulichorwa ili ichezwe ndani yake.

Mhakiki mwenye haraka atakuwa na hukumu yake tayari. Atasema kuwa sanaa tukufu imeshushwa hadhi, kwamba kilichostahili taa za jukwaa sasa kinasuguliwa na kiganja chenye jasho, na kwamba biashara haijui haya. Hukumu hiyo ina mvuto, lakini haimfai Bilibin. Yeye hakuwa mchoraji wa kutundikwa ukutani tu. Tangu mwaka 1901, vitabu vyake vya ngano vilipoanza kutoka mjini St Petersburg, alichora kwa kusudi la kupigwa chapa. Vitabu hivyo vilichapishwa na kiwanda kilekile cha serikali kilichochapisha noti za fedha, na unadhifu wa kazi ya noti unaonekana ndani yake. Bilibin alitangulia kwa mstari wa wino, mzito na usiokatika, kisha akajaza rangi bapa za maji ndani ya mstari huo, akijua fika mashine itaweza nini na itashindwa nini. Mkono wake haukutetereka hata kidogo, wenzake wakamtania kwa kumwita Ivan Mkono wa Chuma. Picha iliyozaliwa kwa ajili ya chapa haivunjiwi heshima kwa kupigwa chapa tena.

Msanii huyo alifariki Leningrad mwezi Februari 1942, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Ilipotimu miaka 70 tangu kifo chake, haki ya kunakili kazi zake ilikwisha katika nchi nyingi. Ndiyo maana leo mwenye mashine anaweza kuzitia katika kikombe, fulana au kijamvi bila ya kumwomba mtu ruhusa. Hapo pia hapana kosa la kisheria wala la kisanii. Ikiwa kijamvi hiki kina dosari, basi dosari hiyo haina budi kutafutwa mahali pengine.

Wasomaji wa pwani wana kipimo chao cha kuitafutia, nacho ki karibu sana: kanga. Kanga nayo ni pambo lililopigwa chapa kwa mashine, hutoka kiwandani kwa maelfu na kuuzwa dukani kwa bei ya kawaida, na bado hapana mtu wa pwani atakayethubutu kusema kuwa haina sanaa. Ina pindo lizungukalo pande zote, ina mji katikati, na ina jina. Mwenye kununua huvutwa na rangi kwanza, lakini haondoki dukani kabla ya kusoma jina, kwa kuwa jina ndilo liamualo kanga ile itavaliwa siku gani, itapelekwa kwa nani, na nani akiiona ataguna. Pindo na mji hupendeza macho. Jina ndilo lisemalo. Kanga mbili zenye mji mmoja na majina mawili ni kauli mbili tofauti, na muuzaji ajuaye kazi yake hazikunji pamoja.

Ukurasa wa Bilibin una viungo hivyohivyo vitatu. Kati ya mwaka 1902 na 1904 alisafiri katika majimbo ya kaskazini ya Urusi, akikusanya darizi za wanawake, akipiga picha makanisa na nyumba za mbao, akinakili michongo ya milango na vyombo. Aliporejea, nakshi hizo zikawa mapindo ya kurasa zake: majani, ndege, uyoga, mizabibu iliyosokotana. Ndani ya pindo alitia mandhari ya tukio. Kandoni au chini yake yakaja maneno ya ngano. Mwaka 1906 alichora kwa namna hiyo picha za Ngano ya Jogoo wa Dhahabu ya Alexander Pushkin, na miaka mitatu baadaye, kampuni ya opera ya Sergei Zimin ilipomwita kutengeneza mandhari ya jukwaani, alihamishia ulimwengu uleule katika ukumbi. Jukwaani mambo yalibadilika umbo tu: kingo za jukwaa zikawa pindo, mandhari yake yakawa mji, na maneno yaliyoimbwa mbele ya mandhari hayo yakawa jina.

Kwamba pindo peke yake laweza kusema, Bilibin alilionesha mapema. Mwaka huohuo wa 1906, katika jarida la tashtiti lililoitwa Zhupel, alichora punda mmoja wa kawaida kabisa, mpole, amesimama. Akamzungushia pindo la fahari lenye alama za enzi ya kifalme, la aina ile ambamo watu walizoea kuiona sura ya mtawala, na chini yake akaandika kwa lugha kavu ya vitabu vya elimu ya wanyama kuwa punda huyo amepunguzwa hadi moja ya ishirini ya ukubwa wake. Punda hakutukana mtu. Pindo na maandishi ndivyo vilivyotukana. Wenye mamlaka walielewa mara moja: jarida likafungwa, na mchoraji akawekwa kizuizini kwa muda mfupi. Msanii aliyelipa gharama hiyo kwa ajili ya kile kinachozunguka picha na kile kinachoandikwa chini yake hawezi kusomwa kama mtengenezaji wa mapambo.

Ili kujua kijamvi kimepoteza nini, yapasa kurudi kwenye ngano yenyewe. Pushkin aliitunga mwaka 1834. Mshairi huyo, ambaye babu ya mama yake alikuwa Mwafrika aliyefikishwa Urusi utotoni na kulelewa katika nyumba ya Mfalme Petro Mkuu, aliitunga kwa mistari mifupi ya mizani nane au saba, yenye vina viwili viwili. Mpenzi wa shairi la Kiswahili atautambua upesi urefu huo, kwani mizani nane ndiyo kipande kimoja cha mshororo wa mizani kumi na sita. Ni bahari nyepesi, yakaribia kuimbika kwa watoto, na ndani ya wepesi huo mtunzi aliweka kitu kizito.

Asili ya kisa haikuwa Urusi. Mwaka 1933 mshairi Anna Akhmatova, kwa jicho la mtunzi asomaye mtunzi mwenzake, alionesha kuwa Pushkin aliichukua kutoka hekaya ya Mmarekani Washington Irving, iliyotolewa mwaka 1832 katika kitabu cha ngano za Alhambra. Humo mnajimu wa Kiarabu anamwendea mfalme mzee wa Granada aliyechoshwa na maadui, na kumsimulia kuwa huko Misri, juu ya mlima utazamao bonde la Nile, aliona sanamu ya kondoo dume na juu yake jogoo, zote za shaba: adui akikaribia, kondoo hugeukia upande wake na jogoo huwika. Basi jogoo huyu aliyetua juu ya mnara wa Kirusi alianza safari yake Misri, akapitia Andalusia ya Waislamu, akaandikwa na Mmarekani, kisha akaimbwa na kitukuu wa Mwafrika. Inaleta tabasamu kukumbuka kwamba Bilibin naye, alipoikimbia nchi yake baada ya mapinduzi, aliishi Misri kuanzia mwaka 1920 hadi 1925.

Katika opera, mfalme huyo anaitwa Dodon. Amechoka na vita na anataka kulala. Wanawe wawili wanampa ushauri wa kipumbavu, mmoja baada ya mwingine, na baraza linashangilia wote wawili kwa nguvu ileile. Ndipo mnajimu anapoingia na jogoo wa dhahabu. Awekwe juu ya mnara, asema; kukiwa shwari atamwambia mfalme atawale hali amejilaza ubavu, na kukiwa na hatari atapiga ukelele na kugeukia ilikotoka. Mfalme kwa furaha anaahidi kumlipa chochote atakachotaka. Mnajimu anaomba ahadi hiyo iandikwe kisheria. Mfalme anashangaa: sheria ni neno gani hilo? Yeye hajapata kulisikia. Apendalo yeye ndiyo sheria. Kisha anatandikiwa kitanda na kulala usingizi.

Yaliyobaki ni malipo ya usingizi huo. Jogoo anawika, wana wa mfalme wanapelekwa vitani. Anawika tena, mfalme mwenyewe anavikwa silaha zenye kutu na kutoka. Huko bondeni anawakuta wanawe wamekufa, wameuana wao kwa wao, na mbele ya maiti zao linafunguka hema na kutoka Malkia wa Shemakha. Anaimba wimbo wa kulisifu jua, na baba anawasahau wanawe akaanza kumchezea ngoma kwa miguu ya kizee. Anamrudisha mjini kama bibi arusi. Mnajimu anatokea kudai malipo, na anachodai ni malkia. Mfalme anampiga kwa fimbo ya enzi, mzee anaanguka na kufa. Hapo jogoo anaruka kutoka mnarani, anamdona mfalme kichwani, naye anakufa. Malkia na jogoo wanatoweka, na umati unabaki ukilia na kuulizana utaishi vipi bila ya mfalme. Swali hilo la umati ndilo kejeli kali kupita zote katika kazi nzima, kwa sababu waliao ni walewale waliokuwa wakipelekwa kufa wakati mfalme amelala.

Rimsky-Korsakov alitunga muziki huo mwaka 1906 na 1907. Vita vya Urusi na Japani vilikuwa vimekwisha kwa fedheha. Mwaka 1905 wananchi walikuwa wamepigwa risasi barabarani, na yeye mwenyewe alikuwa amefukuzwa kazi ya ualimu katika chuo cha muziki cha St Petersburg kwa kuwatetea wanafunzi. Hapana hadhira ya wakati huo iliyohitaji kuelezwa Dodon ni nani.

Na kwa sababu hiyohiyo maneno yakakatwa. Yalikuwa yamekwisha kukatwa mara moja: ngano ya Pushkin ilipotolewa jaridani mwaka 1835, mkaguzi wa serikali aliondoa mstari ule wa kutawala hali umejilaza, na akaondoa pia mistari ya mwisho inayomwambia msomaji kuwa ndani ya uongo wa ngano mna funzo. Mnara akauacha, jogoo akamwacha, malkia akamwacha. Alijua pa kugusa. Mwaka 1908 wakaguzi wa wakati mwingine wakaitaka opera ipunguzwe maneno vilevile. Mtunzi akakataa, naye akafariki mwezi Juni mwaka huo bila ya kuiona jukwaani. Ilipopandishwa Moscow mwaka uliofuata, ilipandishwa baada ya baadhi ya maneno kubadilishwa. Mandhari ya Bilibin hayakukatwa popote. Uzuri peke yake haukumtisha mtu.

Hapa ndipo dosari ya kijamvi inapoonekana wazi. Kimekata kilekile walichokikata wakaguzi wa mwaka 1835 na wa mwaka 1908, na kimekwenda mbali kuliko wao, kwani wao walipunguza maneno, nacho hakikubakisha hata moja. Tofauti ipo katika nia. Mkaguzi alikata kwa kuwa aliyasoma na kuyaogopa. Kwa namna yake ya kinyume, alimpa mshairi heshima ya kumwamini kuwa anasema kweli. Mtengenezaji wa kijamvi hakuyasoma. Aliona rangi zinazopendeza, akazipima ili zijae katika mstatili wake, akapunguza kingo zilizozidi, akapeleka mashineni. Kilichotoka ni kanga isiyo na jina: pindo limepunguzwa, mji umebaki, na kauli imetoweka.

Itasemwa kuwa si lazima kila kipande cha kazi kibebe kazi nzima. Baada ya kifo cha Rimsky-Korsakov, Glazunov na Steinberg walikusanya sehemu za muziki wa opera hii wakaunda msururu wa kupigwa na ala tupu, bila ya mwimbaji wala neno, na msururu huo umependwa duniani kote. Ni kweli, lakini ndani yake sauti ya jogoo ipo. Tarumbeta inapiga ukelele wake mkali, na hata asiyejua kisa anashtuka kitini. Mwaka 1914 huko Paris, opera hiyohiyo ilioneshwa kwa namna mpya: waimbaji waliketi pande mbili za jukwaa, na wachezaji wa densi wakatenda katikati, ndani ya mandhari yenye rangi kali yaliyochorwa na Natalia Goncharova. Warithi wa mtunzi walipinga kutenganishwa huko kwa sauti na mwili. Hata hivyo sauti haikutolewa ukumbini. Ilisogezwa kando tu. Kazi yaweza kugawanywa, kufupishwa na kuhamishwa, mradi kile kinachowika kiachwe kiwike. Katika kijamvi hakuna chenye kuwika.

Jambo hilo lingekuwa dogo kama kijamvi kingekuwa mahali pengine. Mahali pake, walakini, ni pale hasa ambapo ngano ilipalenga. Mwenye kukitumia ameketi. Hatembei, hainui mzigo, haoni uso wa anayemwamuru. Anasogeza kiganja na kubonyeza kwa kidole, na kwa kidole hicho barua huenda, fedha huhama, mtu huajiriwa au jina lake hufutwa katika orodha. Hapo zamani kutawala kwa kujilaza kulikuwa anasa ya mfalme mmoja, na mshairi aliona ni jambo la kuchekwa. Sasa sehemu ndogo ya anasa hiyo imekuwa kazi ya kila siku ya karani, meneja na mhariri. Picha ya mji wa Dodon, ikiwa na onyo lake, isingepata pahala panapoifaa zaidi duniani kuliko chini ya mkono huo. Bila ya onyo, inamtuliza yuleyule ambaye ilipaswa kumwamsha.

Yapo pia matumizi, na bidhaa haihukumiwi kwa picha tu. Kipanya cha zamani kilikuwa na kigololi tumboni, na kigololi hicho kilihitaji kitambaa cha kukishika ili kisiteleze bure. Kipanya cha siku hizi husoma kwa mwanga na hutembea juu ya meza nyingi bila ya taabu. Kijamvi kimebaki zaidi kuwa pambo, na pambo linalotandikwa kwa hiari laweza kuulizwa linasema nini. Kisha kuna kuchakaa. Kitambaa hulika pale mkono unapopita mara nyingi, karibu na katikati, na kwa mwaka mmoja au miwili kuta za mji wa Dodon zitapauka hapo huku minara ya pembeni ikibaki ing'aayo. Bilibin, aliyechora kwa ajili ya karatasi na kwa ajili ya jukwaa ambalo mapambo yake huvunjwa, huenda asingelalamika. Kazi nzuri kuchakaa mikononi mwa watu ni jambo la heshima, kama kanga iliyofuliwa hadi ikalainika.

Tiba haina gharama. Palepale kwenye ukingo wa chini, ambapo leo pana mpira mtupu, pangetosha mstari mmoja mfupi: jina la mchoraji, jina la opera, na maneno machache ya kumwambia mtumiaji kuwa mji huu ni wa mfalme aliyelala. Mwenye kupenda angepita bila ya kusoma, kama wapo wavaao kanga bila ya kujali jina. Lakini mmoja angesoma, akauliza, akatafuta, na jogoo angepata nafasi yake ya kuwika.

Wapo watakaojibu kwa methali, kwamba jogoo awike asiwike kutakucha, na kwamba dunia haingojei kijamvi kiiamshe. Methali hiyo ni ya kweli. Katika ngano hii pia kulikucha bila ya kumngojea mtu: jogoo aliwika, mfalme alisikia, na bado akapotea. Lakini Dodon hakuweza kudai kuwa hakuonywa. Mwenye kuketi mbele ya kijamvi hiki, mkono wake juu ya mji ule mzuri, anaweza.